Skrimo kutoka Ng'ambo: maswali mnayotuuliza kuhusu EP yetu ya kwanza

Assalaam alaykum. Sisi ni bendi ya vijana wa Ng'ambo, mtaa wa mji wa Unguja. Tangu tuitoe EP hii, yaani rekodi fupi ya nyimbo sita, maswali hayaishi: barzani, kwenye simu, ndani ya daladala, hata msibani. Tunayapenda, maana anayeuliza amesikiliza. Lakini yapo tunayojibu mara kumi kwa siku, kwa hiyo tumeyakusanya hapa. Ninayejibu ni mimi ninayepiga ukemi, yaani ninayeimba kwa kupaaza sauti. Panapohusu sanduku, fidla au drams, nimewauliza wenzangu kwanza.

Skrimo ndiyo muziki gani huo?

Ni mtoto wa panki, ule muziki wa magitaa wenye kasi na kelele. Katikati ya miaka ya 1980, mjini Washington, vijana waliokuwa wakipiga panki ya kasi walianza kuimba ya moyoni mwao, si ya serikali na polisi peke yake. Bendi inayotajwa zaidi ni Rites of Spring, iliyotoa albamu yake mwaka 1985. Hapo ndipo ilipozaliwa emo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, San Diego, California, bendi kama Heroin na Antioch Arrow zikaichukua emo zikaikaza: kasi zaidi, nyimbo fupi zaidi, sauti inayopaa mpaka ikapasuka. Baadaye wakaja Saetia wa New York, Orchid wa Massachusetts, envy wa Tokyo, Raein na La Quiete wa Italia, Daïtro wa Lyon, Ufaransa. Wengi wao walirekodi kwa fedha za mfukoni na kupigia kwenye vyumba vya nyumba za watu, mbele ya watu thelathini au arubaini.

Anayesikiliza mara ya kwanza husikia kelele tupu. Akivumilia wimbo wa pili na wa tatu, ataanza kuusikia utulivu uliomo ndani yake. Gitaa moja hudonoa nota chache, polepole, kama mvua inayoanza kudondoka juu ya bati, kisha vyombo vyote vinaingia kwa mpigo mmoja. Bila ule utulivu, kelele haina pa kutokea. Ndiyo maana tunawaomba msirukeruke ndani ya wimbo.

Mna hasira na nani?

Hatuna hasira na mtu, na swali hili ndilo ninalotaka kulijibu vizuri kuliko yote.

Kiswahili kina majina mengi ya sauti iliyopaazwa. Upo ukemi wa kumwita mtu aliye mbali. Upo unyende wa aliyeshtuka. Yapo mayowe ya anayeomba msaada. Ipo kwikwi ya mtu aliyelia mpaka machozi yakamkauka, akabaki na pumzi zinazokatika. Hizo zote zimo kwenye EP yetu, na hakuna hata moja kati yake inayohitaji hasira.

Bibi yangu anakaa Pemba, upande wa Wete, nyumba iko juu ya kilima na chini ni bonde la mpunga. Tulipokuwa wadogo tukicheza ng'ambo ya bonde, jua likianza kuzama alikuwa anatoka nje, anaweka kiganja cha mkono wa kulia shavuni, anavuta pumzi mpaka mabega yanainuka, kisha anapiga ukemi wa jina langu. Silabi ya mwisho aliivuta mpaka sauti ikachanika. Ule mchaniko ndio uliovuka bonde. Sauti laini ingeishia kwenye mikarafuu. Alikuwa hagombi. Alikuwa anatutaka nyumbani kabla ya giza.

Siku niliyosikia skrimo kwa mara ya kwanza, kwenye simu ya kaka yangu, betri imebaki kidogo, sikufahamu hata neno moja. Lakini ule mchaniko niliujua. Nilikuwa nimeshaitwa nao.

Mnachanganya nini na nini hasa?

Skrimo na kidumbak. Wasiokijua kidumbak, hasa wenzetu wa bara: ni ndugu mdogo wa taarab, aliyekulia Ng'ambo na mashamba. Taarab ya klabu ina fidla kadhaa, ganuni, udi, kodiani, na watu wamekaa vitini. Kidumbak kina fidla moja, vidumbak viwili vya udongo au mbao vilivyowambwa ngozi, cherewa za kutikiswa, mkwasa wa vijiti vya kugonganisha, na sanduku, yaani besi ya uzi mmoja uliofungwa kwenye fimbo. Ni muziki wa harusini na watu wanaucheza kwa mwili mzima.

Jaribio letu la kwanza lilikuwa baya. Tulikuwa na wimbo wa skrimo uliokwisha kukamilika, tukamwomba dada yetu wa fidla apige juu yake. Ulisikika kama mtu aliyevaa suti kisha akajitanda kanga. Fidla ilikuwa pambo tu, na kidumbak si pambo la mtu. Tuliutupa wimbo ule tukaanza upya, safari hii vidumbak vikitangulia.

Hapo ikatokea shida nyingine. Drams na vidumbak vinataka nafasi ileile. Mpiga drams wetu ana mkono mwepesi, anajaza kila tundu, na vidumbak navyo kazi yake ni kujaza. Kwa wiki tatu mazoezi yalikuwa vurugu. Dawa ilikuwa kupunguza: alifungua drams zake za katikati akaziacha nyumbani, akabaki na dram kubwa, dram ya mkononi na matuazi. Katikati pote ni pa vidumbak. Mkisikiliza wimbo wa kwanza kwa visikizio mtasikia pigo la kasi likitembea kutoka kidumbak kimoja hadi kingine, na dram kubwa inaingia pale tu ukemi unapoanza. Kwangu hilo ndilo jambo bora tulilofanya katika EP nzima, na halikufanywa na mimi.

Kuna suala la maqam pia, yaani ngazi za nota za muziki wa Kiarabu, kama hijaz na bayati. Gitaa limekatwa shingoni kwa vile vyuma vyembamba, kwa hiyo nota zinazokaa baina ya nota mbili za kinanda hazipatikani mpaka uuvute uzi. Hijaz gitaa linaimudu, maana utamu wake uko kwenye ile hatua pana baina ya nota ya pili na ya tatu. Bayati haliimudu, kwa sababu nota yake ya pili inataka robo. Fidla haina vyuma, inakwenda inakotaka. Basi nyimbo zenye gitaa zito tumezijenga juu ya hijaz, na wimbo wa pili, ambao ni bayati, gitaa limenyamaza kabisa. Fidla inapitishwa kwenye pedali ya kupasua sauti na inapiga kama gitaa. Wengi wametuuliza ni gitaa gani lile. Si gitaa.

Na urefu je? Kidumbak hakina haraka. Mwimbaji anaunganisha wimbo na wimbo, saa nzima inapita bila kusimama. Skrimo inakwisha ndani ya dakika moja na nusu. Hatukutaka kuchagua. Nyimbo tatu za mwisho zimeungana: cherewa zinaanza mwanzoni mwa wimbo wa nne na hazinyamazi mpaka EP inakwisha.

Hamuoni mnaharibu mila?

Tuliliogopa swali hili kabla hatujaulizwa. Lakini hiyo taarab tunayoitetea ilikuja kwa kuchanganyika. Husimuliwa kuwa Sultan Barghash ndiye aliyeileta kutoka Misri katika miaka ya 1870. Klabu ya taarab ya Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa 1905, na wakati huo nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekuwa akija mjini kuuza vyungu, akaziimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Baadaye zikaingia rumba, mapigo ya ngoma zetu kama kumbwaya, na muziki wa filamu za Kihindi. Leo hayo yote tunayaita mila.

Hilo halitupi ruhusa ya kufanya lolote. Kabla ya kuutoa muziki huu tulikwenda kwa mzee aliyemfundisha kijana wetu kupiga sanduku, tukamwekea nyimbo zote sita. Alisikiliza mpaka mwisho, kimya, kichwa kainamisha. Kisha akasema: "Mwanangu, wimbo wa tatu uzi umelegea. Kazeni mrudie." Tulirudia.

Maneno hayasikiki. Mnasema nini?

Maneno yote tumeyaandika ndani ya jalada, yasomeni huku mnasikiliza. Tunaandika mashairi ya mizani kumi na sita, ukwapi nane na utao nane, kwa vina. Watu hushangaa, lakini sababu ni ya kazi. Silabi nane zinakaa juu ya mapigo manane ya dram, silabi moja kwa pigo moja, na pale penye mkato ndipo ninapovuta pumzi. Walioutunga utaratibu huu karne nyingi zilizopita walijua pumzi ya mtu inafika wapi. Tena Kiswahili kinamaliza karibu kila neno kwa irabu, na irabu ndiyo mlango wa ukemi. Ukijaribu kupaaza neno linaloishia na konsonanti, mdomo unajifunga na sauti inakufa.

Hii ni mistari mitatu ya mwanzo ya wimbo wa nne:

Bahari imerudisha, kiatu bila mwenyewe,
Mama ameshakiosha, kakiweka kwenye jiwe,
Taa hajaizimisha, yuangoja agongewe.

Huo wimbo wa nne unahusu ile ajali ya meli?

Ndiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli iliyotoka Unguja kwenda Pemba ilizama kwenye mkondo wa Nungwi na watu wengi sana wakapotea. Sisi tulikuwa watoto wa skuli za msingi. Mmoja wetu alimpoteza mjomba wake. Tulikua tukiona watu wazima wakinyamaza kila inapofika Septemba, na kimya kile kilikuwa kizito kuliko kelele yoyote.

Wimbo huu hauna drams wala gitaa. Ni sanduku, cherewa, na sauti mbili. Kabla ya kuutoa tulimpelekea mama wa marehemu ausikilize. Mwanzo ulikuwa na jina la mwanawe. Akatuambia, "Maneno yabakie, jina liondosheni, kwa sababu si wangu peke yangu." Tukaliondosha. Jukwaani hatuupigi kwa kuombwa, na tunawaomba msitukasirikie kwa hilo.

Koo haliumii?

Mwanzo liliniuma sana, kwa sababu nilikuwa nakosea. Nilikuwa nabana koo na kusukuma kwa nguvu, siku ya pili sauti imekwenda. Mtu akipaaza hivyo kila siku, nyuzi za sauti hufanya sugu na sauti yake ya kawaida hubadilika. Niliyojifunza ni haya: pumzi itoke tumboni, chini ya mbavu, koo libaki wazi kama unapopiga mwayo, na ule mkwaruzo ufanywe na mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti, si nyuzi zenyewe. Sauti inayosikika kubwa kwenye spika mara nyingi ni ndogo chumbani. Maikrofoni ndiyo inayoibeba.

Nakunywa maji ya uvuguvugu, siyo ya barafu. Nafanya mazoezi dakika ishirini, kisha napumzika. Likiuma, naacha siku hiyo hiyo. Na mtu akikaukwa na sauti ikapita wiki mbili tatu haijarudi, aende kwa daktari wa masikio, pua na koo, asijitibu kwa tangawizi peke yake.

Mkono wa kulia mnaouona shavuni kwangu jukwaani si madoido. Kwa bibi uliisukuma sauti ivuke bonde. Kwangu unanisaidia kujisikia mwenyewe drams zinapozidi. Nimejaribu kuuacha, ukemi hautoki sawasawa.

Mlirekodi wapi?

Kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya ami yake mpiga gitaa, Miembeni. Magodoro manne ukutani, kanga kwenye dirisha, kompyuta moja ya mkononi na maikrofoni tatu. Ami alitupa muda baina ya alasiri na magharibi, na adhana ikiadhiniwa tunazima kila kitu. Ramadhani hatukugusa chombo.

Sanduku ndilo lililotutesa. Maikrofoni tuliiweka ndani ya boksi, na kila tukiongeza sauti ya amplifaya, spika ilipiga mluzi wa kukata masikio. Tulijaribu kulisogeza, kuligeuza, kulikalisha juu ya mchanga. Mwisho kijana wetu alichana sponji la godoro kuukuu, akalijaza ndani mpaka nusu, na maikrofoni akaining'iniza kwa uzi isiguse mbao. Mluzi ukakata. Kilichobaki ndiyo ile ngurumo mnayoisikia, na ndiyo maana EP hii haina gitaa la besi kabisa.

Umeme ulikatika mara nyingi. Watu wa mtaani walituambia hiyo si kitu: wao wameyaona ya Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika na Unguja nzima ikakaa miezi mitatu gizani, na harusi zikaendelea kwa sababu kidumbak hakina waya. Maneno yale yalitubadilisha. Tangu hapo tumejiwekea sharti: kila wimbo tunaoutunga lazima uweze kupigwa taa zikiwa zimezimika. Kama bila amplifaya haubaki kitu, bado haujaiva.

Anayepiga fidla ni msichana?

Ndiye. Amejifunzia kwenye taarab na anasoma nota kuliko sisi sote. Wanaoshangaa wakumbuke ni nani waliotangulia kwenye muziki wa visiwa hivi.

Bi Kidude angesemaje?

Siwezi kumsemea aliyetangulia mbele ya haki. Ninalojua ni kwamba sauti yake haikuwa laini, na hakuificha. Alipiga msondo, aliimba unyago, na mpaka uzeeni aliacha sauti ikwaruze pale inapokwaruza. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Mimi namsikiliza kabla ya kila onesho.

Na Freddie Mercury?

Mwimbaji huyo wa bendi ya Queen alizaliwa hapa Mji Mkongwe mwaka 1946 na tunajivunia. Ila muziki wetu haukutoka kwake.

Nianzie wapi kuisikiliza skrimo?

Kama umezoea taarab, anza na envy. Nyimbo zao ni ndefu, zinajengeka taratibu, na masikio yako hayatashtuka. Kisha Daïtro, halafu Saetia. Orchid waache mwisho, ni wakali. Ukitaka kuona kuchanganya muziki si jambo geni, wasikilize Bad Brains, vijana weusi wa Washington waliopiga panki ya kasi kubwa na rege katika albamu moja. Jirani zetu wa Nairobi, Duma, walitoa albamu yao mwaka 2020. Si skrimo, ni kelele nzito zaidi ya mashine na mayowe, lakini walitupa moyo kuwa Afrika Mashariki hii inaweza kupaaza sauti na dunia ikasikiliza.

Mna vibali?

Maonesho ya hadharani tunapitia BASSFU, baraza la sanaa la Zanzibar, nyimbo tunazisajili COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar. Vijana wengi huliacha hilo mpaka wimbo wao umeshatumiwa na mtu mwingine. Msiliache.

Nina miaka kumi na sita, nipo Chake Chake, Pemba, sina gitaa wala pesa. Naweza kuanza?

Barua hii tumeipata zaidi ya mara moja, kwa maneno tofauti, na kila tukiipata tunafurahi. Anza na sanduku. Tafuta boksi la mbao tupu, ligeuze kifudifudi, toboa tundu dogo katikati ya ubao wa juu. Pitisha mshipi mnene wa kuvulia, ndani uufunge kwenye kipande cha kijiti usichomoke. Ncha ya pili ifunge juu ya fimbo inayokufika kifuani, na chini ya fimbo ichimbie kwenye ukingo wa boksi. Weka mguu mmoja juu ya boksi lisiinuke. Ukiivuta fimbo nyuma uzi unakaza na sauti inapanda, ukiilegeza inashuka. Vidole vitakuchubuka wiki ya kwanza; funga kitambaa. Ukishazipata nota tatu zinazotulia, jirekodi kwa simu ututumie, na mpiga sanduku wetu atakusikiliza mwenyewe.